Barua ya Mwisho wa Muhula kwa Wazazi: Krediti Si Mkopo

Dayton, Ohio
Desemba

Ndugu wazazi na walezi,

Poleni na baridi. Muhula unaisha Ijumaa hii, tutaonana tena Januari. Ripoti zitawafikia nyumbani kwa posta, na vikapu vya chakula cha likizo viko ofisini kwa karani. Msione haya kuuliza.

Kuna jambo moja nimeona niliandike mwenyewe, kwa Kiswahili. Oktoba mlipokea fomu ya masomo ya chuo iliyotafsiriwa na kompyuta. Ilisema watoto wenu wa sekondari "watapewa mikopo ya chuo". Mnajua kilichofuata. Simu ya ofisi haikupumzika siku tatu. Baba mmoja alikuja na fomu yake imekunjwa mara nne, akaiweka mezani kwangu: "Mwalimu, tiketi za ndege zilizotuleta Marekani bado nazilipa kila mwezi. Deni la pili sisaini."

Kwa karatasi ile, hata mimi nisingesaini. Hakuna mkopo. Kosa lilikuwa letu, na naomba radhi.

Kinachozungumzwa ni krediti, yaani hesabu ambayo chuo kinakuandikia kila unapofaulu somo. Shahada ya kwanza ni krediti 120 hivi, na somo la kawaida lina krediti 3. Mwanafunzi wa darasa la 11 akilifaulu somo hilo sasa, linahesabiwa mara mbili: kwenye diploma yake ya sekondari na kwenye rekodi yake ya chuo. Mpango huu hapa Ohio unaitwa College Credit Plus, wenyewe tunasema CCP. Umekuwepo tangu 2015, na unawahusu wanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12. Mtoto wa shule ya umma akisoma kwenye chuo cha umma, kama Sinclair hapa mjini, familia hailipi ada wala vitabu. Mliowahi kurudishwa nyumbani kule Kongo kwa sababu ya minerval, yaani ada ya shule, najua ni vigumu kuamini. Usafiri ndio juu yenu.

Vyuo vya umma vya Ohio vina makubaliano ya kupokeana masomo ya msingi, kwa hiyo aliyeanza Sinclair akahamia Wright State, chuo kikuu cha umma, hapotezi kitu kwenye masomo hayo. Akivuka mto kwenda jimbo jirani la Kentucky, au akichagua chuo binafsi, chuo hicho huamua chenyewe. Ulizeni kabla hajajiandikisha.

Sasa niseme lile linalonikosesha usingizi. Alama ya chuo haifutiki. F aliyoipata mtoto wa miaka 16 itamfuata atakapoomba chuo, na itaangaliwa atakapoomba msaada wa serikali kuu wa masomo. Somo likimshinda, ana wiki mbili za mwanzo za kujitoa bila madhara. Akijitoa baadaye, au akianguka, wilaya ya shule inaweza kuidai familia gharama, ingawa familia za kipato kidogo kwa kawaida haziguswi. Nasikia kanisani na msikitini mnaulizana, "Wako anachukua mangapi?" Tafadhali, acheni. Somo moja la krediti 3 ni saa 3 za darasa kwa wiki na saa 6 hivi za kujisomea. Manne ni saa 36, na bado ana masomo yetu ya hapa. Kwa muhula wa kwanza mimi husaini moja, nikibembelezwa sana mawili.

Na Jumapili zetu mnazijua. Mwanafunzi wetu mmoja muhula huu, binti mwenye akili kabisa, alikuwa akitoka kwaya anaingia jikoni, anapika, anawaandalia wageni, anaosha vyombo. Insha yake ya Kiingereza ilitakiwa kutumwa kwa kompyuta kila Jumapili kabla ya saa sita usiku. Aliifungua kompyuta saa tano na nusu, aya mbili zikiwa bado. Jumapili tatu mfululizo ukurasa wa kutumia kazi ulijifunga kabla hajatuma, na mwalimu wa chuo hakuwa na huruma ya kwetu: sifuri, sifuri, sifuri. Hakuwa mvivu. Mama yake alipojua alilia ofisini kwangu, kwa maana hakuna aliyemwambia. Basi mimi nawaambieni: mwenye CCP, Jumapili jioni vyombo aoshe mwingine. Kaka zake wana mikono.

Hapo ndipo penye udhia wa pili. Kwa sheria ya nchi hii, mtoto akishaandikishwa chuoni taarifa zake za huko ni zake, hata kama ana miaka 15. Chuo kinaweza kukataa kukuambia wewe mzazi lolote hadi mtoto atoe idhini kwa maandishi. Sisi shuleni alama zikitufikia tunaweza kuwaonyesha, ila hutufikia muhula umekwisha, na ufa umeshakuwa ukuta wa kujenga. Kaeni naye kila wiki, afungue ukurasa wake mwenyewe, awaonyeshe.

Mkutano wa kueleza haya tutaufanya kabla ya katikati ya Februari. Anayetaka kuanza mwakani arudishe fomu ya nia ifikapo Aprili 1. Mtapewa pia karatasi ya kukiri kwamba mnajua masomo ya chuo yanaweza kugusa mambo ya watu wazima. Nayo si mkopo.

Fomu mpya ya Kiswahili imesomwa na wazazi watatu kabla ya kuchapwa. Mmoja wao ni yule baba wa tiketi, na amenisahihisha mahali pawili.

Wenu,
Mkuu wa Shule