Masharubu yamenihadaa

Konde, Pemba

Sahibu yangu Salim,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, karafuu zi majamvini, twaomba jua tu. Lile kopo la mbawakawa nililokuletea kwa boti, usiwasomeshe nalo wanafunzi wako kabla hujasoma barua hii. Vibandiko vyote nimekosea.

Si nilijigamba kuwa mwembe mmoja ulioanguka umenipa spishi tatu za mbawakawa wa masharubu marefu? Mmoja vipapasio vyake vyakaribia mara mbili ya mwili, wa pili vimepita mkia kidogo tu, wa tatu kijitu cha kutia huruma. Yakhe, wale wawili ni mume na mke! Dume ndiye mwenye masharubu ya kuringia. Na yule kibeti ni wa mumo humo, ila alipokuwa buu alikulia kwenye kitawi kikavu kisicho na chakula. Mbawakawa akishatoka mtini hakui tena.

Lililonitia haya zaidi ni lile la rangi. Wale majike wanne niliwaweka pamoja kwa kuwa wote wa hudhurungi wenye madoa meupe. Kumbe madoa yale ni vinyweleo vilivyolala juu ya mabawa magumu. Mdudu akipenyapenya magomeni, vinafutika, anabaki kipara. Ikabidi niazime lenzi ya fundi saa. Nikatazama nyuma kabisa, pale mabawa yanapoishia: wawili ncha zao za mviringo kama ukucha uliokatwa vizuri, wawili kila ncha ina kimwiba. Nikarudi kifuani. Wa ncha za mviringo wana mwiba mkali ubavuni, wenzao wana kinundu butu. Basi hizo ndizo spishi mbili, na mimi niliwafunga uzi mmoja!

Wako wanaofanana hata hapo, na hao hawaamuliwi ila kwa utupu wa dume: unamlowesha maji ya moto alainike, kisha unauvuta kwa sindano. Nilijaribu kwa kikombe cha kahawa cha mama. Aliponikuta, sikwambii.

Sasa, humo koponi yumo mmoja aliyekatika mguu wa nyuma. Huyo sikumtazama ncha za mabawa. Mgeuze taratibu, umtazame, kisha nipigie usiku.

Wako,
Hamad