Kwa Nini Kompyuta Mpya Hulala Kwetu Kabla ya Kukabidhiwa

Swali tunaloulizwa sana na wateja ni hili: mashine imeshaunganishwa, Windows imeingia, inawaka bila shida, sasa mnaikalia ya nini mpaka kesho? Ni swali la haki, hasa kwa mtu aliyekwisha kulipa. Lakini tunaipima kwanza, maana kuwaka hakuthibitishi mengi. Mashine iliyotulia kwenye ukurasa wa mwanzo haina kazi: prosesa imepoa, sehemu kubwa ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) haijaguswa, pawasaplai haijatakiwa kutoa nguvu nyingi. Ubovu tunaoutafuta hujitokeza kazi ikiwa nzito, na kifaa kilichotoka kiwandani na kasoro mara nyingi hufeli mapema. Afadhali kifelie mikononi mwetu.

Muda mwingi tunautumia kwenye RAM, kwa sababu ubovu wake ni wa kimyakimya. RAM ikigeuza biti moja tu, sifuri ikawa moja, huenda usione chochote siku hiyo. Picha inahifadhiwa na mstari wa rangi ngeni, faili la zipu linakataa kufunguka, tarakimu inabadilika kwenye hesabu, na kosa hilo linaandikwa kwenye diski na hata kwenye nakala za akiba. Mwenye mashine hulaumu programu, anaweka Windows upya, na tatizo linarudi palepale.

Tunatumia MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaingia, ili karibu RAM yote iwe huru kupimwa. Inaandika data, inaisoma tena na kulinganisha, mzunguko baada ya mzunguko. Ndiyo maana inakula saa nyingi. Kwetu kosa moja ni mengi. Likitokea, tunapima vipande kimoja kimoja, tunavihamisha sloti, kisha tunazima XMP au EXPO, mipangilio inayoiendesha RAM kwa kasi iliyotangazwa. Hili la mwisho wengi hawalijui: RAM ya kizazi cha DDR5 inayouzwa kama ya kasi ya 6000 huanza kwa kasi ya chini, mara nyingi 4800, mpaka mipangilio hiyo iwashwe, na si kila prosesa na ubao mama huihimili. Ikitulia kwenye 4800 na kukosea kwenye 6000, tunamweleza mteja na kumbadilishia. Kumpunguzia mtu kasi aliyoilipia bila kumwambia ni wizi.

Prosesa tunaipima kwa Prime95, iliyotokana na mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne ulioanza mwaka 1996. Inafaa kwa kazi hii kwa sababu majibu sahihi yanajulikana mapema: prosesa ikikosea hesabu, jaribio linasimama na kutoa taarifa. Tunatazama joto pia. Prosesa nyingi za sasa hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi. Zikifika huko ndani ya sekunde chache, tunashuku kipoza hakijakaa sawasawa, au plastiki ya kinga imeachwa chini yake. Baadaye prosesa na kadi ya michoro tunazipa mzigo kwa pamoja. Hapo ndipo pawasaplai dhaifu hujulikana, maana mashine huzimika ghafla bila hata skrini ya bluu ambayo Windows huonyesha ikipata kosa kubwa.

Diski tunaisoma taarifa zake za SMART, yaani rekodi ya afya inayotunzwa na diski yenyewe, kabla na baada ya kuiandika yote na kuisoma yote. Diski mpya yenye saa elfu kadhaa za kuwashwa si mpya. Sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa zikianza kuhesabika, inarudi ilikotoka. Makosa ya CRC, yaani ya data kuharibika ikisafiri kwenda au kutoka kwenye diski, yakiongezeka, kwanza tunabadilisha kebo. Mwisho tunapekua kumbukumbu za matukio za Windows kutafuta jina WHEA-Logger, ambalo Windows huliandika inaponasa makosa ya vifaa. Mashine inaweza kumaliza majaribio yote bila kuganda, kumbe humo ndani inasahihisha makosa ya vifaa kila dakika.

Majaribio haya hayagundui kila kitu. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikichakaa kabla ya wakati kwa sababu ya volti ya juu kupita kiasi. Ilitoa marekebisho kupitia BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama, na kuongeza waranti kwa miaka 2. Prosesa ya namna hiyo ingeweza kufaulu majaribio yote ikiwa mpya. Kwa hiyo BIOS tunaisasisha kabla ya kupima chochote, na tunakusihi usiidharau taarifa ya sasisho lake baadaye.

Kama umenunua laptopu kwingine, mengi ya haya unaweza kuyafanya mwenyewe, mradi muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Amri ya powercfg /batteryreport hukuonyesha uwezo wa betri uliokusudiwa kiwandani na uwezo ilio nao sasa. Kwenye laptopu mpya tofauti iwe ndogo. Kosa lolote lipige picha likiwa kwenye skrini, kwa sababu muuzaji atalitaka. Ukipenda tuipime sisi, ilete na chaja yake na risiti, kabla hujahamishia faili zako.