Mhariri, ni mshipa upi huo?

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya unasomwa sana hapa Tanga, kuanzia baraza za Ngamiani hadi kwenye mabenchi ya zahanati. Ndiyo maana kuna neno moja linalotukera sisi tunaofundisha anatomia. Neno lenyewe ni mshipa. Katika makala yenu ya juzijuzi mshipa ulipeleka damu, aya iliyofuata ukapeleka maumivu, na kabla makala haijaisha ukakunja kidole. Hakuna kitu mwilini kinachofanya kazi zote hizo.

Watu wa pwani hatuwalaumu. Mzee akisema ana mshipa, kila mtu huku anaelewa kuwa ni busha au ngiri, na neno limemsitiri. (Busha ni maji yaliyojaa kwenye ganda linalozunguka korodani, na huku kwetu minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu imehusika sana. Ngiri ni utumbo uliopenya palipo dhaifu kwenye ukuta wa misuli ya tumbo. Mshipa haumo hapo wala hapo.) Barazani neno hilo linatosha, lakini mtu anayesoma gazeti huku ameshika jeraha halimfai.

Msomaji ageuze kiganja chake juu, agusanishe gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kifundo cha mkono kidogo. Katikati ya kifundo kitasimama kikamba kimoja au viwili vigumu. Hizo ni kano, yaani ncha za misuli iliyoko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo. Kile cha katikati wengine hawana kabisa, na mkono wao una nguvu zilezile. Sasa alegeze mkono na kubonyeza taratibu upande wa gumba: panapodunda ni ateri, inayoleta damu kutoka moyoni. Michirizi ya kijani iliyo juu juu ni vena, inarudisha damu. Chini ya vile vikamba, bila kudunda wala kuonekana, imelala neva inayopeleka hisia za gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Upana wa vidole vitatu, vitu vinne, na gazeti linaviita vyote mshipa!

Madhara yake huonekana mtu anapokatwa na kisu akipaa samaki kule soko la Deep Sea, au na panga shambani. Damu ikikata, jeraha likaonekana dogo, hufungwa kitambaa na kazi inaendelea, kwa kuwa "mshipa haukukatika". Upi? Vipimo vitatu vinajibu, na havihitaji kifaa.

Cha damu ni rahisi: bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi.

Cha neva kinahitaji utulivu. Mjeruhiwa afumbe macho, umguse kwa pamba kwenye ncha ya kidole, upande mmoja kisha wa pili. Usiguse katikati tu, maana upande wa kiganja kila kidole kina neva mbili, moja kila ubavu, na moja inaweza kukatika nyingine ikabaki nzima. Asiposikia upande mmoja, au akisema unamgusa kwa mbali, hapo pana tatizo. Kwa mtoto asiyeweza kueleza, jeraha likishapona tazama akitoka kuoga: kidole chenye neva nzima hujikunja ngozi kikikaa majini, kilichokatika neva hubaki laini.

Kano ndiyo inayodanganya watu. Shika kidole kwenye pingili ya kati kikiwa kimenyooka, mwambie akunje ncha peke yake. Kisha vinyooshe vidole vingine kwa mkono wako, akunje kile kimoja kwenye kiungo cha kati. Ni kano mbili tofauti, hivyo kidole kinaweza kukunjika nusu na mwenyewe akaridhika. Tena kano iliyokatika nusu bado inavuta. Dalili yake ni maumivu akikunja dhidi ya kizuizi, na baada ya siku kadhaa huweza kukatika yote akiwa amebeba ndoo tu. Ikikatika kabisa, msuli ambao siku zote unavuta huirudisha ncha yake ndani kuelekea kiganjani. Ndiyo maana mshonaji haikuti penye jeraha, na ndiyo maana hospitali inafaa ifikiwe siku za mwanzo: wiki zikipita msuli hufupika na njia ya kano huziba kwa kovu.

Neva nayo ina ukaidi wake. Ikiunganishwa, nyuzi zake huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Iliyokatwa kifundoni, hadi ncha za vidole ni miezi mingi. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo huacha mazoezi mwezi wa pili akidhani alishonwa vibaya, na katika muda huo anaungua jikoni bila kujua kwa kuwa kidole hakisikii moto.

Wakati wa kwenda hospitali, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Mpira wa kubana kidole usifungwe. Ukisahaulika huua nyama na neva ambazo kisu kilizikosa. Unga wa kahawa usitiwe kwenye jeraha, ubaki kwenye buli.

Balaa kubwa zaidi la neno hili liko kwenye sindano. "Sindano ya mshipa" ni dawa inayoingizwa kwenye vena kwa makusudi. Halafu makala yenu ikaonya kwamba sindano ya tako "ikipiga mshipa" mtu hupooza. Msomaji afanyeje, akatae dripu? Kinachoogopwa takoni ni neva ya siatiki, kubwa kuliko zote mwilini, nene karibu kama kidole gumba, inayoshuka sehemu ya chini ya tako kuelekea nyuma ya paja. Ligawe tako mafungu manne: sindano hupigwa fungu la juu upande wa nje. Watoto wachanga huchomwa pajani, ubavu wa nje. Mgonjwa akisikia mshtuko kama umeme ukishuka mguuni, aseme palepale, na sindano itolewe kabla dawa haijasukumwa.

Tunaomba basi waandishi wenu waandike ateri, vena, neva na kano kwa majina yake. Wakiona ni maneno mageni, waongeze "mshipa wa damu" au "mshipa wa fahamu" mara ya kwanza, kama vitabu vya shule vinavyofanya. Na msuli uitwe msuli, hata kama huku Tanga huo pia unafungwa kiunoni.

Wakufunzi wa anatomia,
Chumbageni, Tanga