Kwa Mjomba aliyeacha dawa

Salaam aleikum, Mjomba. Simu hupokei, na salamu ninazotuma kwa Mama haziletewi jibu, basi nakuandikia hapa mbele za watu. Wengine wakisoma, na wasome.

Nasikia umeacha tena metformini, vidonge vyako vya kisukari, unakunywa chupa za yule mzee wa sokoni Arua. Eti dawa ya kizungu inakula figo. Mjomba, kinachokula figo ni sukari inayokaa juu miaka na miaka. Metformini hutoka mwilini kupitia figo, ndiyo maana daktari huzipima kwanza. Akikuta zimedhoofika sana, anapunguza dozi au anaisimamisha kabisa. Kazi ya dawa hiyo ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na kuufanya mwili uitii insulini yake wenyewe, ile homoni inayoshusha sukari. Na kama unachoamini ni mimea, chimbuko la kidonge hicho ni mmea uitwao galega, waliokuwa wakiutumia Ulaya tangu zamani. Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyetangaza 1957 jinsi metformini ilivyowafaa wagonjwa wa sukari.

Sema kweli, kilichokushinda ni tumbo. Ulianza na dozi kubwa, kwa chai kavu, ukashinda chooni. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 500, pamoja na chakula, kisha hupandishwa taratibu. Nilikwambia. Ukanijibu kwamba mpwa hakufundishi kula.

Hayo yamepita. Ya harusini ndiyo hayamezeki. Umeketi katikati ya wakwe, soda ya pili mkononi, nikainama nikakunong'oneza: Mjomba, maji yapo. Ukatoa karatasi ya vidonge mfukoni, ukavitoboa kimoja kimoja, ukavidondosha juu ya pilau. "Haya, kula wewe, nesi." Wakwe wakacheka. Bibi harusi alikuwa binti yangu, Mjomba.

Watu wanasema nilikuaibisha. Nilinong'ona! Nani alinipakia kwenye baiskeli kwenda shule, akauza mbuzi wake nipate sare? Si wewe? Sasa nikuache unywe soda mpaka macho yazime, ili nisifiwe adabu? Ungekuwa mimi ungenyamaza?

Nenda kliniki, wakupime figo, uwaambie wazi habari ya tumbo, na za miguu kufa ganzi pia, maana dawa hii ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huweza kuleta ganzi. Nauli iko kwa Mama. Wakwe nao bado wananiuliza pilau ilikuwa na kasoro gani.