YAH: Taili za rangi mbili na lugha ya meneja wenu wa tawi la Mtwara

Kwa Mkurugenzi, makao makuu, Dar es Salaam.

Salaam. Natumaini hamjambo na biashara inaenda. Mimi mwili hauna shida, shida ni nyie. Utaratibu wenu wa kubadilisha bidhaa sitaki kuwasomea, mmeuandika wenyewe na umebandikwa pale kaunta juu ya mashine ya risiti, kila mteja anausoma akisubiri chenji. Ninachouliza ni kama meneja wenu wa hapa Mtwara naye amewahi kuusoma.

Nimelipia taili za sebule sitini kwa sitini, krimu yenye mishipa ya kahawia, hela yote kwa mkupuo. Dukani box hazikutosha, nikaambiwa nyingine zinakuja na gari la Dar, ni zilezile mama ondoa wasiwasi. Zikaja usiku na kirikuu chenu. Kesho yake fundi anazipanga tu ananiita, mama njoo uone hapa. Zile za mwanzo krimu, hizi mpya zina ukijivu, na mwanga wa dirishani ukipiga ndio kabisa mtu asiyejua kitu anaona. Fundi akageuza box akanionyesha ubavuni palipoandikwa shade, namba mbili tofauti. Hata ukubwa zimepishana kidogo, za pili zimezidi, kwa hiyo mistari ya grauti haikutani, inaanza sawa na ikifika katikati ya chumba imeshakwenda upogo. Tukasimamisha kazi hapohapo. Kila mzigo unaotoka kwenye tanuru unakuwa na rangi yake kidogo, ndio maana kiwandani wanaandika ile namba, na hilo muuza taili asipolijua basi akauze mihogo.

Nikafunga taili mbili kwenye kanga, moja ya kila aina, nikapanda daladala kutoka Mikindani mpaka dukani kwenu. Nikaziweka juu ya kaunta, nikamwambia meneja naomba uzitazame. Hakuzigusa. Akasema kwa sauti ya duka zima, mama, taili zinakanyagwa, haziolewi. Watu wakacheka. Akaongeza, nyie watu wa korosho mkishalipwa hela za mnada kila mmoja anakuwa injinia. Halafu akamwita mlinzi, mtoe huyu mama anazibia wateja.

Mimi ni nani sasa kama sio mteja?

Na sio taili peke yake. Kabla ya hapo nilichukua kwenu fimbo za mapazia na koki ya bafuni, nikasema mapema kabisa kwamba naishi karibu na bahari, chumvi ya kule inakula chuma huku unakiangalia, nataka stilesi, chuma kisichoshika kutu. Nikaambiwa hizi stilesi tupu. Mjukuu wangu ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaigusisha kwenye fimbo ikanasa ikaning'inia pale. Nikashuku ni chuma kilichopakwa mng'ao tu! Na kutu imeshaanza kwenye vile viungio vya ukutani, inachuruzika kwenye shia nyeupe, yale mapazia mepesi ya ndani, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe mnajua wenyewe halitoki kwa sabuni. Mapazia mazito ni rangi ya damu ya mzee, hayo angalau yanaficha, ila shia nimeshazitoa, dirisha liko wazi. Na hizo fimbo siku nanunua niliomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mtandao unasumbua, nikaandikiwa kikaratasi kwa kalamu. Mtandao gani unaosumbua kwenye risiti tu, wakati hela ya simu mmepokea sekunde hiyohiyo.

Nirudi pale kaunta maana ndipo panaponikaba. Yule meneja ni kijana, kitinda mimba wangu anamzidi. Shikamoo hakunipa. Nimesimama na kanga yangu imefunguliwa juu ya kaunta, taili mbili zimelala hapo, ya krimu na ya kijivu, hata mtoto wa chekechea angezitenganisha, yeye anachezea simu. Hakunyanyua uso mpaka alipotaka kuchekesha watu. Taili zinakanyagwa, haziolewi. Na kati ya waliokuwepo alikuwepo mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu, kaja kununua rangi ya maji. Mkwe! Mtu ambaye mimi nikipishana naye njiani navuta mtandio vizuri, ananiona nashikwa kiwiko na mlinzi kama mwizi wa kuku. Mzee wa watu akainamisha kichwa akajifanya anasoma maandishi kwenye kopo la rangi. Na sebule yenyewe ilikuwa inatengenezwa kwa ajili yao, arobaini ya mjukuu wetu, waje wakae mahali pa heshima. Wamekuja, wamekaa, nusu ya chumba taili na nusu zege, nimetandika mikeka. Hakuna aliyesema neno, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Na ile karatasi yenu nyingine ya "mali ikishauzwa hairudishwi" msinionyeshe. Mimi sampo niliionyeshwa dukani kwenu, nikanunua kwa kuitazama hiyo sampo, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mzigo ufanane na sampo. Niliyemuuliza ni mtu anayeijua. Na kama mngekuwa mnaagiza Ulaya ningewahurumia, lakini siku hizi taili zinatengenezwa mpaka Mkuranga, hapo njiani magari yenu yanapopita.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka box za shade ya kwanza tu, yaishe. Lakini kadiri ninavyoandika naona ni kidogo. Kama shade ile haipo tena, na najua haipo maana kijana wenu wa stoo aliniambia pembeni, basi leteni mzigo mzima mpya, box zote ziwe na namba moja ya shade, mng'oe zilizobandikwa kwa gharama zenu, saruji, grauti na ufundi juu yenu, na fundi awe wangu, wenu simtaki. Fimbo na koki nirudishiwe hela. Shia mnilipe. Na meneja aje kuniomba radhi, sio kwa simu, pale pale kaunta, saa ya wateja, kwa sauti ileile aliyotumia siku ile.

Nawapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ikipita, barua hii inakwenda Tume ya Ushindani, wale watetezi wa walaji, pamoja na picha za box zote mbili, na kile kikaratasi cha kalamu kinakwenda TRA kwa watu wa kodi, ofisi zao za mkoa nazijua. Na msimu wa korosho ukifunguka, kila mwenye kujenga kuanzia Mikindani mpaka Naliendele nitamwonyesha sakafu yangu kabla hajakanyaga dukani kwenu.

Mteja wenu,
Mikindani.

Jina na namba yangu ya simu mtavikuta kwenye daftari la oda, maana kwenye risiti hamtavikuta.