Mwanangu, hilo la pili ndilo lililoniumiza

Mwanangu mpendwa,

Huku Ilula hatujambo, nyanya za mwanzo zimeanza kuiva. Tangu ulipopiga simu Jumapili usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Ulisema ukimaliza chuo cha kilimo, SUA, hutaki kusikia habari ya masters, maana hosteli nzima mnasema wanaorudi kusoma ni waliokosa ajira, wanauogopa mtaa. Kisha ukaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe mama umechoka." Hilo la pili ndilo lililoniumiza.

Kuhusu mtaa, wenzako hawajakosea sana. Anayekimbilia uzamili ili tu asionekane amekaa nyumbani, miaka miwili itakwisha na mtaa ataukuta palepale. Na deni la Bodi ya Mikopo linakusubiri, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kama ni kukimbia tu, usiende. Tafuta kazi, hata ya kuuza pembejeo dukani, nitakuwa radhi kabisa.

Lakini wewe nimekuona. Likizo ile kantangaze, yule mdudu wa nyanya, alikuwa ameingia shambani. Tangu mdudu huyu afike nchini mwaka 2014 tumebadilisha dawa hadi tumechoka. Majirani walibeba mabomba wakapuliza. Wewe ulichuma jani, ukalipasua kwa wembe, ukanionyesha kiwavi anakula katikati, kati ya ngozi ya juu na ya chini, amejificha dawa isimfikie. Ukauliza mbona mistari iliyo karibu na mahindi imepona kidogo. Sikuwa na jibu. Ukarudi chuo ukamuuliza mwalimu wako, naye akakwambia hilo linahitaji utafiti. Mtu anayekimbia mtaa haulizi vile, mwanangu.

Kwa hiyo uchovu wangu usiutie kwenye hesabu. Mdogo wako yuko sekondari ya serikali, hadaiwi ada. Bwana shamba amenitajia ufadhili wa DAAD wa Ujerumani, anasema wanaangalia sana matokeo, basi muhula huu uliobaki usilegee. Ukitaka kufanya kazi kwanza mwaka mmoja, fanya. Ila usije ukaniambia umeacha kwa ajili yangu. Hilo sitalipokea.

Shamba la juu nimepuliza lote, isipokuwa mistari miwili ya upande wa mahindi. Nimeiacha hivyo hivyo, uje na wembe wako.

Mama yako