Watoto wenye ugonjwa sugu wa utumbo watengewe siku yao ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na viongozi wa afya wa Kanda yetu ya Kaskazini. Mgonjwa wa kisukari anajua siku yake ya kliniki. Wa presha anajua yake. Anayetumia dawa za VVU ana CTC yake, yaani kliniki ya wenye VVU, ana faili lake na mhudumu anayemjua kwa sura. Mtoto ninayemlea mimi hana siku. Anapanga foleni na wenye mafua na malaria, akiingia ndani anakuta daktari ambaye hajawahi kumwona, na maelezo yanaanza upya tangu alipozaliwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi. Mtoto ni wa kaka yangu, dereva wa lori, na sasa yuko darasa la sita. Ana ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaugeukia utumbo wake mwenyewe. Unavimba, unatoka vidonda, na unaweza kushikwa sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Kuna mwingine wa ukoo huo, ule wa vidonda vya utumbo mpana, ambao hukaa kwenye utumbo mpana tu. Magonjwa haya hayaambukizi na wala si ya kurogwa. Hayana dawa ya kuyamaliza kabisa, ila zipo za kuyatuliza, na mtoto aliyetulizwa vizuri anasoma na kucheza mpira kama wenzake.

Kilichonishtua mimi kwanza hakikuwa tumbo. Kaptula yake ya darasa la tatu niliishona mwenyewe, nikaacha upindo mpana wa kuteremsha kadiri anavyorefuka, kama tufanyavyo mafundi wote kwa nguo za shule. Mwaka ukaisha upindo haujaguswa. Uliofuata vilevile, na kiunoni nikawa nabana badala ya kuachia. Watoto wa jirani aliokuwa akilingana nao walishamwacha kichwa kizima. Baadaye daktari bingwa alinieleza kwamba kwa mtoto mwenye Crohn kudumaa kunaweza kutangulia hata kuharisha. Sasa najiuliza: kadi ya kliniki, ile yenye mistari ya uzito, inaishia mtoto akitimiza miaka mitano. Baada ya hapo anapimwa siku akiugua, namba inaandikwa kwenye karatasi ya siku hiyo, na hakuna anayeilinganisha na ya mwaka jana. Ugonjwa huu huwapata wengi wakiwa wameshaivuka miaka hiyo mitano.

Tumbo lilipoanza kuuma na choo kuwa na damu, safari yetu ilikuwa ile ile ya kila mzazi wa huku. Ni amiba, akapewa Flagyl. Ni taifodi, akapewa dawa za taifodi. Ni minyoo. Bibi yake kule Kibosho akasema ni chango. Siwalaumu, maana magonjwa hayo yapo kweli na ndiyo mengi. Lakini mtoto anayeharisha damu, anayekonda na aliyepungukiwa damu mpaka viganja vimepauka, akirudi na malalamiko yale yale baada ya dawa zote hizo, apelekwe mbele haraka. Kuna hata kipimo cha choo, kinaitwa kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo umevimba kabla ya kufikia kamera, ile inayoingizwa mwilini kuutazama utumbo kwa ndani. Kingepatikana karibu, wengi wangejulikana mapema.

Na hapa ndipo penye uzito. Kifua kikuu nacho hukaa utumboni, na hufanana na Crohn kiasi kwamba hata kamera ikiingia, vidonda vinaweza kuonekana vilevile. Ukikosea upande mmoja, mtoto anameza dawa za TB miezi sita bure huku utumbo wake ukizidi kuharibika. Ukikosea upande wa pili, unampa prednisoloni, ambayo inashusha kinga, mtoto mwenye TB, na TB inasambaa. Kwa hiyo aliyeingiza kamera, aliyekisoma kwenye hadubini kinyama kilichochukuliwa utumboni na daktari wa watoto wanatakiwa wazungumze pamoja juu ya mtoto mmoja. Kwetu sisi majibu yalitoka sehemu tatu, kwa nyakati tofauti, nami ndiye niliyekuwa nayazungusha kwenye bahasha. Kipimo chenyewe cha kamera kilibidi tukifuate mbali, kwa basi, na mtoto anayehitaji choo kila mara. Aliyewahi kusafiri hivyo na mtoto anajua ninachosema.

Dawa nazo zinataka jicho. Prednisoloni ilimtuliza, ila uso ulimvimba, na ikitumika muda mrefu huzuia mtoto kukua, yaani inaongezea kwenye tatizo lile lile. Ndiyo maana kwa watoto wenye Crohn wataalamu hupendelea kuanza na tiba ya chakula: maziwa maalum ya lishe peke yake, hakuna kingine, kwa wiki sita hadi nane. Inafanya kazi kwa wengi wao bila madhara ya prednisoloni. Sisi tulikuja kuisikia baadaye sana, na makopo hayo sijayaona kwenye duka lolote la dawa mtaani kwetu. Tunaishi na mtori uliopondwa laini sana. Kiburu, yaani ndizi na maharage, ambacho anakipenda mno, hakimwachi salama.

Sasa anatumia azatioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga. Hiyo inahitaji damu ipimwe mara kwa mara, chembe nyeupe na ini, na mtoto anayeitumia hapaswi kupewa chanjo zenye kirusi hai kama ya surua au homa ya manjano bila daktari wake kuamua. Wachanjaji wakija shuleni, mwalimu atajuaje? Usiku mmoja homa ilimpanda, nami nimeshika kidonge chake mkononi: nimpe au nisimpe? Hapakuwa na mtu wa kumpigia. Uingereza, kliniki za ugonjwa huu zina muuguzi wake maalum ambaye mgonjwa humpigia simu moja kwa moja. Simu tunazo hata sisi. Dawa yenyewe leo ipo mjini, wiki ijayo haipo, tunaagiza Dar es Salaam inaletwa na basi.

Kambi za madaktari bingwa zinazopita mikoani nazishukuru, zimewasaidia wengi. Ila ugonjwa wa maisha hautibiki kwa kambi. Sidai jengo jipya. Madaktari wa watoto wapo katika kanda hii, wapasuaji wapo, wataalamu wa lishe wapo. Naomba wakutane na watoto hawa siku moja ile ile kila mwezi, kwenye hospitali moja itakayojulikana kuanzia Tanga hadi Manyara, ili mganga wa zahanati anapoandika rufaa ajue anaandika kwenda wapi. Awepo muuguzi mmoja mwenye simu. Uzito na urefu viandikwe kwenye chati moja inayotunzwa. Mtoto apewe barua ya shule, ili akiomba ruhusa ya kwenda chooni katikati ya mtihani asionekane mtoro. Na wahusika wa bima, wakati huu ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo, waangalie kama kamera, dawa na maziwa hayo ya lishe vimo kwenye kitita cha mtoto. Ikiwezekana tarehe ya kwanza ipangwe kabla ya 19 Mei, siku ambayo dunia huyakumbuka magonjwa haya.

Kwenye foleni nimekutana na mama mmoja wa Usa River na baba mmoja wa Same wenye watoto kama wangu. Tumepeana namba. Tukitangaziwa tarehe na chumba tutafika, hata ikiwa ni Jumamosi.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi
(Jina langu analo mhariri, naomba lisichapishwe kwa ajili ya mtoto.)